Ni laptopu au ni intaneti? Maswali yenu ya mwezi huu

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na sentensi ileile, "fundi intaneti yangu iko chini sana", na kila nikimrudia mtu nikamuuliza vizuri nakuta intaneti haina kosa, laptopu ndo imechoka. Na wengine ni kinyume chake, laptopu imeshapigwa Windows upya mara mbili kumbe ruta imewekwa sakafuni nyuma ya kabati. Inaniuma hii, kwa sababu mtu anapoteza hela na mafaili yake kwa ugonjwa ambao hakuwa nao. Kwahiyo kabla hujasoma majibu ya wenzio fanya kitu kimoja, zima waifai kabisa kwenye laptopu afu fungua faili la kuandikia, fungua folda ya picha, cheza video ambayo tayari imo humo ndani. Vikichelewa hapo, intaneti haihusiki hata kidogo, si umeizima? Vikifunguka chap na ukiwasha waifai ndo kurasa zinaanza kuzunguka, chukua simu, iunganishe kwenye waifai hiyohiyo, simama palepale ilipo laptopu. Simu ikienda vizuri basi shida iko kwenye laptopu, simu nayo ikisuasua shida iko kwenye ruta au huko laini inakotoka. Dakika tano hazifiki, na utajua usome swali gani hapa chini.

Fundi shikamoo. Mi ni mwanafunzi, nina laptopu niliyoachiwa na kaka yangu, ina kama miaka saba. Nikiwasha naenda kuoga narudi bado inazunguka, na hata ikiwaka nikifungua Word na Chrome kwa pamoja inaganda mpaka mausi haisogei. Rafiki kaniambia ipigwe Windows upya, mwingine kasema niongeze RAM, mwingine anasema nitafute hela ninunue nyingine. Nishike lipi?

Marahaba mdogo wangu. Usishike hata moja kwa sasa, maana wote watatu wamekupa dawa na hakuna aliyekupima. Bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, itafunguka Task Manager, ikija ndogo haina maelezo bonyeza pale chini palipoandikwa More details. Utaona safu nne zina asilimia juu yake: CPU ambayo ndo ubongo wa mashine, Memory ambayo ndo RAM, yaani meza ya muda ya kazi ulizofungua, Disk ambako mafaili yanahifadhiwa, na Network ambayo ndo mtandao. Iache hapo wazi, fungua Word na Chrome kama unavyofanyaga siku zote, na ikianza kuganda angalia asilimia ipi imepanda ikagoma kushuka. Iliyogoma ndo mgonjwa wako.

Kwa jinsi ulivyoeleza, miaka saba, muda wa kuoga, mausi haisogei, nadhani utakuta Disk imekaa 100. Sasa humohumo bonyeza Performance, chagua Disk, kwenye Windows za karibuni itakuandikia kabisa kama ni HDD au SSD. HDD ni diski ya sahani inayozunguka, kwenye laptopu nyingi inazunguka mara 5400 kwa dakika, na ina kimkono kinachokimbia huku na huku kutafuta kila kipande cha faili. Ukiipa faili moja kubwa inasoma vizuri tu, kama megabaiti 100 kwa sekunde, lakini Windows inapowaka haisomi faili moja, inasoma vifaili vidogo maelfu vilivyotawanyika kila kona, na kile kimkono kwa sekunde moja hakiwezi kuruka kwenda sehemu tofauti hata mara 100. Ndo mana inaganda. Ubongo upo, RAM ipo, vyote vimekaa vinasubiri kimkono kifike. SSD haina sahani wala kimkono, hakuna kitu kinachotembea mle ndani, kwahiyo inarukaruka maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde hiyohiyo. Nimeshaona mashine iliyokuwa inawaka dakika tano ikawaka chini ya nusu dakika na mwenyewe kakaa ananiuliza umebadilisha nini kingine, hakuna kingine, ni diski tu.

Kwahiyo kwa laptopu za umri huo mi nasema bila kusita, kama una hela ya kitu kimoja tu basi iwe SSD. Nyingi zinapokea ile ya inchi 2.5 palepale HDD ilipokaa, ni skrubu chache. Wala huna haja ya kuanza upya, fundi anaweza kunakili diski nzima ilivyo kwenda kwenye SSD ukakuta Windows yako na mafaili yako kama ulivyoviacha. Ila nisikilize kwenye hili: kabla mtu yeyote hajashika bisibisi, kazi zako za masomo ziwe zimeshahamia kwenye flashi au diski ya nje. Na kama diski inatoa mlio wa tik tik tik usisubiri wikiendi, inakufa hiyo, kila ukiiwasha unaipunguzia siku, hamisha leo.

Kama iliyogoma siyo Disk bali Memory, iko 90 huko na haishuki, hapo ndo yule rafiki wa RAM alikuwa sawa. Gigabaiti 4 ndo kiwango cha chini kabisa cha Windows 11, na hicho ni kiwango cha kuwaka tu siyo cha kufanyia kazi, ukifungua kurasa kumi za Chrome imeisha. RAM ikiisha Windows inaanza kuitumia diski kama RAM ya dharura, na kama diski yenyewe ni ya sahani utaona Memory na Disk zote ziko juu kwa wakati mmoja, na hapo wengi wanachanganyikiwa wasijue kipi kimeanza. Gigabaiti 8 zinamtosha mwanafunzi kabisa. Kabla hujanunua rudi Performance, bonyeza Memory, soma palipoandikwa Slots used, ikiwa 1 of 2 una nafasi moja tupu, ikiwa 2 of 2 itabidi utoe moja uweke kubwa zaidi. Na jua aina, DDR3 na DDR4 na DDR5 haziingiliani hata kidogo, na kuna laptopu nyembamba nyingi tu ambazo RAM imelehemewa kwenye ubao wenyewe na haiongezeki milele, bora ujue hilo kabla hujatoa hela kuliko baada.

Sasa vya bure, maana najua mwanafunzi hana hela leo. Kwenye Task Manager hiyohiyo kuna sehemu imeandikwa Startup, hapo zimepangwa programu zinazojiwasha zenyewe kila ukiwasha mashine. Kuna za kupiga simu za video, za muziki, za magemu, za printa ambayo hata huna tena, zote zinagombania kile kimkono asubuhi. Bonyeza kila ambayo huihitaji uchague Disable, haufuti programu, unaikataza tu kujiwasha, ukiihitaji utaifungua mwenyewe. Usiguse ya usalama ya Windows, wala ya padi ya kugusa au sauti. Afu diski yako iwe na nafasi, kuanzia asilimia 15 hadi 20 ikae tupu, diski iliyojaa mpaka shingoni inaipa Windows tabu hata masasisho yanashindwa kuingia.

Na kitu kimoja wengi hawakijui, tangu Windows 8 ukibonyeza Shut down mashine haizimiki yote, inahifadhi kiini cha Windows kwenye diski ili kesho iwake haraka, kwahiyo mtu anaweza kuzima kila usiku mwezi mzima na bado uchovu wa mwezi mzima uko mle ndani. Anayesafisha kweli ni Restart. Ukiona inaanza kukokota, Restart kabla ya lolote.

Kupiga Windows upya nako kunasaidia, pale ambapo mashine imejaa programu za ajabu au virusi na haijulikani pa kuanzia. Lakini hakugeuzi HDD kuwa SSD, wiki ya kwanza utafurahi na wiki ya nne utarudi palepale. Kuhusu kununua nyingine, mdogo wangu, pima kwanza.

Nimelipia intaneti ya 20 lakini nikidaunilodi faili naona imeandikwa 2.4, haizidi. Wananiibia?

Hapana ndugu yangu, na hapa watu wengi wanagombana na watoa huduma bure. Kampuni inauza kwa megabiti, brauza yako inahesabu kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Chukua 20 gawanya kwa 8 unapata 2.5, kwahiyo hiyo 2.4 unayoiona ni karibu yote uliyolipia. Faili la gigabaiti moja kwa spidi hiyo litachukua kama dakika saba, hiyo ni hesabu ya kawaida wala mashine yako haijalala. Ungekuwa unaona 0.5 hapo ningekuambia simama uulize, na uulize ukiwa umeshapima kwa waya siyo kwa waifai, maana swali la kwanza watakalokuuliza ni hilo.

Mimi ni mama ninayefanyia kazi nyumbani. Sebuleni ilipo ruta laptopu inaruka, nikiingia chumbani ninakofanyia kazi inakatakata, na alama ya waifai inaonyesha mistari miwili. Kijana wangu anasema tuongeze kifurushi kikubwa zaidi. Nilipie?

Mama usilipie. Kifurushi kikubwa kinaongeza maji kwenye tenki, we shida yako iko kwenye mpira wa maji, yaani njia ya waifai kati ya sebule na chumba. Kama sebuleni inaruka basi unacholipia kinafika ndani ya nyumba, kinapotelea njiani.

Ruta nyingi za sasa zinarusha mawimbi ya aina mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 2.4 inafika mbali na inapenya kuta vizuri zaidi lakini ni ya polepole, na imejaa watu, huko ndo kuna Bluetooth, kuna waifai za majirani, na hata oveni ya maikrowevu ikiwashwa inavuja kidogo kwenye mawimbi hayohayo, kwahiyo ukiona intaneti inakatika kila mtu akipasha chakula hujalogwa, ni hiyo. Ya 5 ina spidi kubwa na haina msongamano lakini ukuta mmoja mnene unaipunguza sana, kuta mbili inaweza kupotea kabisa. Kwenye orodha ya waifai utaona mara nyingi majina mawili yanayofanana na moja mwishoni limeandikwa 5G, hiyo siyo 5G ya simu, ni haya mawimbi ya gigahezi 5. Ukikaa chumba kimoja na ruta tumia hiyo. Ukiwa chumbani kwako jaribu zote mbili upime spidi kwa kila moja, usiamini mistari, mistari inaonyesha nguvu ya mawimbi haionyeshi msongamano.

Afu ruta yenyewe, mama, iko wapi? Itoe sakafuni, itoe nyuma ya televisheni, itoe ndani ya kabati, iwe juu juu kwenye kitu cha urefu wa kifua au zaidi na ikiwezekana katikati ya nyumba badala ya pembeni. Chuma, kioo cha kujitazamia, friji, tenki la maji, vyote hivyo vinazuia mawimbi, zege ndo usiseme. Antena zikiwa wima mawimbi yanatoka kwa pembeni kuizunguka nyumba, ukizilaza zinaanza kupeleka juu na chini. Nimeona mtu anasogeza ruta mita mbili tu kutoka kwenye kona na chumba cha mwisho kikafufuka.

Ukiwa na ujasiri wa kuingia kwenye mipangilio ya ruta, au huyo kijana wako aingie, kwa upande wa 2.4 chagua chaneli 1, au 6, au 11, hizo tatu ndo hazigusani, ukiweka 3 au 8 unakula kelele za pande zote mbili. Na kama chumba hicho ndo ofisi yako ya kila siku mi ningekushauri kwa moyo wote, vuta waya. Waya wa Cat5e unabeba mpaka gigabiti moja kwa sekunde, hausikii ukuta, hausikii jirani, na ukishavutwa mara moja umesahau hilo tatizo. Vile vifaa vya kurudisha mawimbi vinasaidia ila vingi vinapokea na kurusha kwa redio ileile moja kwahiyo spidi inapungua karibu nusu, na usikiweke chumbani kwenye mawimbi hafifu, kiweke katikati ya njia ambako bado kinapata mawimbi mazuri, la sivyo kitarudia hafifu kilekile.

Kuna programu nimeona inasema inasafisha laptopu na kuongeza spidi mara tatu, bure. Niinstoli? Nina antivairasi mbili tayari kwa usalama zaidi.

Usiinstoli, na kati ya hizo antivairasi toa moja. Antivairasi mbili zinakagua kila faili mara mbili na kila moja inaona mwenzake kama kitu cha kutilia shaka, hazikupi usalama mara mbili, zinakupa mashine nzito. Windows 10 na 11 zinakuja na Defender, inawatosha watu wengi kama masasisho yanaingia.

Hizo za kuongeza spidi nyingi ndo zenyewe zinajiwasha asubuhi, zinakaa kwenye RAM siku nzima kukuonyesha tangazo kwamba RAM imejaa, na za hovyo zaidi zinakuonyesha makosa mia tano halafu zinataka ulipie ndo yarekebishwe. Kila kitu cha maana zinachofanya Windows inacho bure, kwenye Settings, System, Storage kuna sehemu ya mafaili ya muda unachagua unafuta. Ila angalia kabla hujafuta, mle mle kuna alama ya folda ya Downloads, ukiiacha imewekwa tiki inaondoka na vitu vyako. Na kama SSD unayo usije ukaifanyia kile kitendo cha kupanga diski upya kwa programu ya nje, kilikuwa cha sahani za kuzunguka, SSD inachakaa kwa kuandikwa ovyo na haipati faida yoyote. Windows inajua aina ya diski yako na inaitunza yenyewe.

Laptopu yangu ni nzuri asubuhi, baada ya nusu saa ya kazi feni inapiga kelele kama gari na kila kitu kinakuwa kizito. Nikiipumzisha inarudi sawa.

Umejijibu hapo mwisho. Hiyo ni joto. Ubongo wa kompyuta ukikaribia nyuzi 100 za Selsiasi unajipunguzia spidi wenyewe usiungue, na ndo huo uzito unaouona, siyo kosa ni kujiokoa. Kwanza niambie unaiweka wapi, kitandani? Kwenye mto? Matundu ya hewa mengi yako chini, godoro linayaziba yote. Weka mezani, inua nyuma kidogo, pima tena.

Kama mezani bado ni vilevile, ndani kuna vumbi, baada ya miaka miwili mitatu linashikana kama blanketi mbele ya yale mabati ya kupoza. Zima kabisa, chomoa chaja, fungua au mpe mtu anayejua, zuia feni kwa kijiti isizunguke wakati wa kupuliza maana ikizungushwa na upepo kwa kasi inaharibika. Laptopu ya miaka mingi muulize fundi pia kuhusu ile pasta ya joto iliyopo kati ya ubongo na bati, inakauka, kuipaka upya ni kazi ndogo na matokeo yake unayasikia kwa masikio, feni inanyamaza.

Na kabla ya yote hayo angalia alama ya betri, kama umeiweka kwenye hali ya kubana umeme mashine inapunguzwa makusudi hata ikiwa ya baridi.

Natumia hotspoti ya simu. Bando la wiki linaisha siku mbili na bado kurasa zinafunguka kwa shida, na mi nasoma tu habari.

We unasoma habari, laptopu inafanya mengine nyuma yako. Kwa laptopu kila waifai ni waifai, mara nyingi haijui kwamba hii ni simu yenye bando, kwahiyo inashusha masasisho ya Windows, inapandisha picha zako kwenye hifadhi ya mtandaoni, programu zinajisasisha, vyote kwa wakati mmoja na kurasa zako zinapewa mabaki. Ingia Settings, Network, Wi-Fi, gusa jina la hotspoti yako, washa palipoandikwa Metered connection. Hapo Windows inaelewa kwamba bando linahesabiwa na inaacha vingi. Masasisho ya usalama usiyakatae moja kwa moja lakini, tafuta siku moja yenye waifai isiyohesabika uyashushe yote.

Angalia pia Windows Update, Advanced options, kuna kitu kinaitwa Delivery Optimization, ikiwa imeruhusiwa kwa kompyuta za intaneti basi laptopu yako inawagawia watu wengine masasisho kwa bando lako. Zima. Afu jaribu kuunganisha simu kwa waya wa USB badala ya hotspoti, ni thabiti zaidi na simu inachaji hapohapo. Na simu yenyewe iweke dirishani siyo mfukoni, laptopu inategemea mawimbi inayoyapata simu.

Nikibadilisha DNS kuwa 8.8.8.8 intaneti itakuwa na kasi?

Kidogo sana, na siyo kwa namna unayofikiria. DNS ni kama kitabu cha namba, inageuza jina la tovuti kuwa namba ya kompyuta ilipo. Ya Google hiyo ilianza 2009, Cloudflare nao wana 1.1.1.1 tangu 2018. Kama ya mtoa huduma wako ni nzito, ukurasa utaanza kufunguka mapema kidogo, lakini ukishaanza spidi ni ileile, video haitabadilika wala faili halitashuka haraka zaidi. Jaribu, haina madhara, ukiona hakuna tofauti rudisha.

Laptopu yangu ina Windows 10 na inaniambia haiwezi kupokea 11. Nimesikia 10 imeisha. Niitupe?

Usiitupe jamani. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake masasisho ya usalama ya kila mwezi yaliyokuwa yanakuja yenyewe yamesimama, mashine yenyewe haizimiki. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na ubongo wa umri fulani, kwa Intel ni kama kuanzia kizazi cha nane. Wakati mwingine TPM ipo ila imezimwa kwenye BIOS, yale mipangilio ya mashine yanayofunguliwa kabla Windows haijawaka, mwambie fundi aangalie hilo kwanza. Kama kweli haipo kuna Linux Mint, mfumo unaokaa badala ya Windows, ni bure, unaiweka kwenye flashi na kuijaribu siku nzima bila kugusa diski yako, uone kama waifai na sauti vinafanya kazi ndo uamue. Kwa mtu wa kuvinjari, kuandika na kuangalia video inatosha, na kwenye mashine ya zamani inakimbia vizuri. Kama kazi yako inategemea programu ya Windows pekee hapo ni hadithi nyingine, uliza kwanza.

Spidi nikipima napata 40 lakini kwenye vikao vya video sauti yangu inakatika, wao nawasikia vizuri. Nimebadilisha hedifoni mara mbili.

Rudisha hedifoni ya pili kama bado inarudishika. Wewe unawasikia, wao hawakusikii, hiyo inasema shida ni njia ya kwenda siyo ya kuja. Hiyo 40 ni ya kushusha, angalia namba ya pili ambayo watu huwa wanairuka, ya kupandisha, huenda ni 4 au 2 tu, vifurushi vingi vimetengenezwa hivo. Kikao cha video safi kinahitaji kama megabiti 3 mpaka 4 za kupandisha, kwahiyo akitokea mtu mmoja nyumbani simu yake inapandisha picha za jana kwenye hifadhi ya mtandaoni, wewe umekwisha.

Afu kuna namba ya tatu, ping, inahesabiwa kwa milisekunde, ni muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Pima hivi: kwanza pima wakati hakuna anayetumia, andika pembeni namba ya ping uliyoipata. Afu mwambie mtu apandishe video kubwa, pima tena wakati anaendelea. Ikiwa ilikuwa 30 ikaruka mia tatu na kitu, ruta yako inapanga foleni ndefu ya kupandisha na sauti yako inasimama mwisho wa foleni nyuma ya hiyo video. Dawa ya bure ni kusimamisha kusinki, yaani huko kujipandisha kwa picha na mafaili mtandaoni, kwenye simu zote na kwenye laptopu yenyewe muda wa kikao. Dawa ya kudumu ni ruta yenye sehemu ya kupanga vipaumbele, wengi wanaiita QoS, unaingia unaipa laptopu yako nafasi ya mbele, na kama kuna sehemu ya kuweka kikomo cha kupandisha weka kama asilimia 90 ya ile uliyopima, foleni inafupika. Zima na kamera pale ambapo hawahitaji kukuona, sauti peke yake haifiki hata robo ya megabiti. Nitumie namba zako tatu ukishapima mara zote mbili, na uniambie ulikuwa kwa waya au kwa waifai, tuendelee kutoka hapo.